Bosi Mjerumani kasikia utani wa Mpare na Mchaga, kafungua kesi ya nidhamu. Anaelezwaje huyu?

Supavaiza wa Buguruni:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye godauni moja huku Barabara ya Nyerere, jina nalihifadhi. Tumeletewa meneja Mjerumani, mama mmoja mchapakazi kweli kweli, Kiswahili kajifunza huko huko kwao na anakisikia vizuri tu, na balaa lenyewe ndo limeanzia hapo.

Juzi kantini storekipa wetu Mpare anahesabu chenji ya chai, dereva Mchaga akamrukia, we Mpare hiyo mia mbili utaifungulia kesi mpaka Mahakama ya Rufani ng'ombe wote wa baba yako waishe. Mpare akajibu nyamaza mwizi wewe, siku ukifa tunadondosha sarafu pembeni ya jeneza, usipoamka ndo tunazika. Tulicheka mpaka mama lishe akaweka sufuria chini. Bosi alikuwa meza ya pili, hata tabasamu hakuna. Mchana imeili kwa wote, kuna mfanyakazi kaitwa mwizi na kutakiwa kifo kwa sababu ya kabila lake, wahusika waandike maelezo. Mchaga si kaandika "naomba nifidiwe ng'ombe". Hapo bosi kachafukwa kabisa, anasema anadharauliwa.

Nilimwambia ni utani tu, akanijibu hata kwao wanaonyanyasa wenzao husema walikuwa wanatania. Nikakosa la kusema. Kikao cha nidhamu ni Jumatatu, nisaidieni.

Mzaramo Asilia:
Huyo Mchaga afukuzwe tu 😂😂

Haya tuwe siriasi. Mkuu mpe historia. Sisi na Wanyamwezi utani wetu ni wa enzi za misafara, wanashuka na mizigo mpaka pwani huku wanatukuta. Wahehe na Wangoni wamepigana vita ya kweli kati ya 1878 na 1882, watu wamekufa, leo wakikutana wanatukanana na kuchekana na hakuna anayenuna. Mwambie hayo matusi ndo amani yenyewe. Na kwa mahesabu hayo Mjerumani naye ni mtani wa Mhehe, walichapana Lugalo 1891, kwahiyo akitaka kujifunza atafutiwe Mhehe hapo hapo kazini.

Dada wa Utumishi:
Mzaramo umenichekesha ila Lugalo haitawasaidia hao jamaa Jumatatu.

Supavaiza, bosi wako hajakurupuka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini na kabila limetajwa kabisa, na kumbughudhi mfanyakazi kwa msingi huo kunahesabiwa ni ubaguzi. Akinyamaza halafu kesho mtu akaenda kulalamika CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, yeye ndo ataulizwa alikuwa wapi. Kwahiyo ukienda na "huu ndo utamaduni wetu" umemfungia mlango, hana cha kujibu zaidi ya kukuona unawalinda washkaji.

Muulize mlalamikaji ni nani. Hao wawili kila mmoja aandike maelezo upya, ya maana safari hii, kwamba hakuumia na yeye pia humtania mwenzake. Halafu angalia tarehe ya barua za wito, kwa kanuni za 2007 wanatakiwa wapate si chini ya saa 48 za kujiandaa na wana haki ya kwenda na mfanyakazi mwenzao au mtu wa chama cha wafanyakazi.

Jingine, mfuate ofisini kwake, usimjibu kwenye ile imeili ya wote. Nimefanya kazi na Wajerumani, sisi hapa Dar tunaanza na salamu, familia, foleni ya Tazara, tunazunguka wee tukitegemea mtu ataelewa mwenyewe. Kwa huyo salamu ya kawaida inatosha, kisha mwambie sikubaliani na wewe kwa sababu hii na hii. Wengi wao hawaoni kama umewavunjia heshima, ukizunguka ndo anaona kuna kitu unaficha.

Mgogo wa Kimara:
Mnachangamka sana kutetea utani. Mimi kazini kuna mkubwa wangu mmoja kila asubuhi ananiwekea sarafu mezani, "pokea, msije mkalala njaa huko Dodoma". Si mtani wangu, hata kabila lake na letu hatuna hilo jambo. Nikimrudishia mimi ndo sina adabu, kwahiyo nacheka meno ya nje. Ukimwambia huyo mama kila kitu ni utani umeniuza mimi na wenzangu. Mwambie tofauti, mtani unamjibu na anapokea.

Supavaiza wa Buguruni:
Mgogo hiyo imeniingia, pole ndugu yangu. Na umenikumbusha, Mchaga alivyofiwa na mama yake tulikodi Kosta mpaka Rombo, Mpare akashuka kaburini akalala humo akagoma kutoka mpaka alipwe, wafiwa wakacheka huku wanalia. Na kwenye daftari la rambirambi yeye ndo alikuwa wa kwanza. Nitamwambia hiyo.

Supavaiza wa Buguruni:
Mrejesho. Nimeongea naye kama dada alivyosema, ile ya kaburini kaniuliza maswali kama polisi, ila kaelewa. Kesi kafuta. Mchaga kapewa onyo la mdomo kwa yale maelezo ya ng'ombe, na asiyetaka kutaniwa aende kwake moja kwa moja, jina halitajwi. Mpare ndo kanuna, anadai kesi alikuwa anaelekea kushinda.

Dada wa Utumishi:
Kafuta kwa mdomo au kwa maandishi? Omba barua ya kufunga shauri iingie kwenye mafaili yao wote wawili, mameneja huwa wanahamishwa.

Supavaiza wa Buguruni:
Kwa mdomo. Kesho asubuhi namfuata.