Naomba ushauri: SACCOS yetu ihamie kwenye mfumo kwa mkupuo au hatua kwa hatua?

Meneja_Chama: Wakuu, habari za majukumu. Nasimamia SACCOS, yaani chama cha akiba na mikopo, ya wakulima na walimu. Mkutano mkuu umepitisha tuachane na leja, yale madaftari ya hesabu ya kuandika kwa mkono, tuhamie kwenye mfumo wa kompyuta. Bodi inataka mwaka mpya wa hesabu ukianza tu, leja zifungwe siku hiyo hiyo. Mhasibu wetu, aliyezishika tangu chama kinaanza, vikaoni hasemi neno, ila kazi ya kuingiza taarifa imelala mezani kwake. Wazee nao wananiuliza, "Kitabu changu kikienda, hela yangu nitaionea wapi?" Niende na bodi au nivute taratibu? Sitaki chama kigawanyike kwa jambo jema.

Kisima: Mkuu, suala la kasi liweke pembeni kwanza. Hao wanaosita hawana shida moja. Mzee anahofia ushahidi wa akiba yake. Mweleze, umpe na karatasi ya salio mkononi. Mhasibu anaona nafasi yake inapotea, na hilo semina haiwezi kulitibu. Kaa naye, mkubaliane atakuwa nani baada ya leja, kisha yeye ndiye asimamie uhamishaji. Kotter na Schlesinger, wataalamu wa uongozi wa mabadiliko, mwaka 1979 walisema kasi itokane na mambo kama ukubwa wa upinzani, nguvu ya anayeleta mabadiliko, nani ana taarifa, na hatari iliyopo. Kwako taarifa zote anazo mhasibu. Ukimsukuma, umekwama.

MamaLeja: Sawa, ila leja na mfumo visiende sambamba bila tarehe ya mwisho. Makarani watachoka kuandika mara mbili, na watu watarudi kwenye walichozoea. Miezi mitatu inatosha. Kila mwisho wa mwezi linganisheni, tofauti itafutwe mpaka ionekane.

Mkaguzi_Huru: Kabla ya yote, uhakiki wa salio! Kila mwanachama alete kitabu chake cha akiba, kilinganishwe na leja, asaini. Makosa ya zamani yakiingia kwenye mfumo, utalaumiwa mfumo. COASCO, shirika la ukaguzi wa vyama vya ushirika, nao wakija kukagua watataka kujua salio la kuanzia limetoka wapi. Na vitabu msiwanyang'anye.

Meneja_Chama: Nashukuru sana. Bodi nitaiomba hiyo miezi mitatu, na mhasibu nitamwona kabla ya kikao. Wanachama wa vijiji vya mbali je, wasioweza kufika?

Mkaguzi_Huru: Wafuateni. Karani aende na mjumbe wa kamati ya usimamizi, asiende peke yake, na fomu isainiwe hapo hapo nakala ikibaki kwa mwanachama.