Mtoto anaogopa shule, mwalimu mkuu hajibu (Kigoma)

Mzazi, Ujiji: Wakuu, binti wa darasa la nne anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule, Jumamosi mzima kabisa. Mwalimu mkuu kimya. Nianzie wapi?

Jibu: Pole sana. Acha simu, andika barua: tarehe, dalili, na ombi moja linalopimika, mfano asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya wenzake. Nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri watasema hawajaiona.

Jibu: Wiki ikipita, nenda kwa Afisa Elimu Kata, kisha Afisa Elimu Msingi wa manispaa. Apimwe hospitali ya Maweni kwanza. Barua ya daktari ina uzito. Kama anapigwa, piga 116, simu ya msaada kwa watoto, ni bure.

Jibu: Na asikae nyumbani muda mrefu, hofu huongezeka. Hata nusu siku, aende.