Mrejesho: binti wa riwaya yangu na wachumba wake watatu

Assalaam alaykum. Mie yule wa Wete niliyeuliza vipi binti wa riwaya yangu akutane na wachumba watatu bila kuonekana mapepe. Mlionambia wote wapitie kwa mshenga mmoja, ahsanteni! Sasa mshenga kachanganya majibu ya posa: "karibuni" kampelekea daktari, kumbe ilikuwa ya muuza urojo wa Forodhani.

Mama kaisoma kwenye boti ya kwenda Unguja, kacheka hadi abiria wa pembeni kaomba asimuliwe. Ila kanikosoa: msimu wa karafuu nani ana nafasi ya kuposa? Nimeisogeza baada ya mavuno, pesa zishaingia.

Mume bado sijamchagua. Mama anamtaka daktari; mie, niko kwenye urojo.