Nililipia siku mbili za Cinque Terre, nikapewa saa mbili na nusu

Ndugu wanajamvi,

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, mji ambao Waitaliano wameishi kwa miongo mingi, hata wauza vinyago wa ufukweni wanapatana bei kwa Kiitaliano. Nami nilikijifunza nikiwa mapokezi hotelini, na ni wageni wa pale walionisimulia vijiji vya pwani ya Liguria, huko Italia, hadi nikaamua kuweka akiba nikavione. Mwezi Mei nililipa kampuni moja ya utalii ya Nairobi, ambayo sitaitaja kwa kuwa madai yangu bado yako mezani kwao, kwa safari ya siku nane. Ratiba waliyonipa, ambayo ninayo hadi leo, inasema siku ya nne na ya tano ni za Cinque Terre, yaani vijiji vitano vya pwani hiyo, "kijiji kwa kijiji".

Siku ya nne basi lilitushusha La Spezia, mji ulio jirani, saa tano asubuhi. Tukapanda treni hadi kijiji cha Riomaggiore, tukapigwa picha, tukasogezwa Manarola, tukapigwa picha nyingine, na ilipofika saa saba na nusu mwongoza watalii akatuamuru turudi. Nilipouliza kuhusu vijiji vitatu vilivyobaki, Corniglia, Vernazza na Monterosso, akajibu kwamba vijiji vyote vinafanana. Kesho yake ratiba mpya ikawa ni kupelekwa kwenye maduka ya nguo kando ya barabara kuu.

Kauli ile ya kwamba vinafanana ndiyo iliyoniuma kuliko fedha. Corniglia peke yake haina gati, kwa sababu imekaa juu ya jabali, mita 100 hivi kutoka usawa wa bahari, na anayeshuka stesheni hupanda ngazi 382 kuifikia. Monterosso ina ufuko mpana na dagaa wake wa kutiwa chumvi. Vernazza ina kanisa lililojengwa ukingoni kabisa mwa maji. Mtu anayelipwa kuonyesha watu mahali hapo anawezaje kutoyajua hayo?

Siku ya tano nilikataa kupanda basi. Nikachukua treni ya alfajiri, nikapanda zile ngazi, nikajilipia kadi ya hifadhi ya taifa, nikatembea njia ya mlimani kutoka Corniglia hadi Vernazza, mwendo wa chini ya saa mbili kwa asiye na haraka. Njia inapita katikati ya matuta ya mizabibu yanayoshikiliwa na kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, kazi ya mikono ya vizazi vingi, ambayo kwa sehemu kubwa ndiyo iliyofanya UNESCO iuingize ukanda huo katika Urithi wa Dunia mwaka 1997. Nilimkuta mzee akirudishia ukuta uliobomoka. Alinionyesha jinsi jiwe linavyogeuzwa mpaka lipate mahali pake, akaniambia kwamba kuta zikiachwa, udongo wote utashuka baharini. Vernazza wanaujua ukweli huo: tarehe 25 Oktoba 2011 mafuriko yaliporomosha tope na mawe hadi barabara yake kuu ikafukiwa, na watu wakafa. Nilikaa gatini hadi jua likazama, wageni wa mchana wakiwa wameshaondoka na wenyeji wametoa viti vyao nje, na ndipo nilipoona kile nilichosimuliwa Malindi.

Sasa kampuni inasema kwamba kwa kuacha kundi nilivunja mkataba, kwa hiyo sistahili kurudishiwa hata senti. Mimi nasema mkataba ulivunjwa na wao siku ya nne, saa saba na nusu mchana, na ninadai gharama ya siku mbili hizo pamoja na nauli niliyojilipia. Kama kuna aliyewahi kuuziwa ratiba yenye maneno hayo ya "kijiji kwa kijiji", naomba aniandikie faraghani na ahifadhi risiti yake, kwa maana wiki ijayo nakwenda kumwona wakili.