Mustang ya 1966, boneti ina V8 lakini kila gurudumu lina nati nne: ninunue? Na spea nianzie wapi?

Gereji_ya_Uani (Columbus, Ohio):
Wakuu, heshima zenu. Kuna Ford Mustang ya 1966, milango miwili, paa la chuma, inauzwa huku Ohio. Imelala ghalani miaka 11. Muuzaji anadai ni V8 ya kiwandani, inchi za ujazo 289, giaboksi otomatiki ya C4, "namba zote zinalingana". Niliyoyakuta:

Namba ya chesisi inaanza na 6R07T. Magurudumu yote manne yana nati nne nne. Zulia la mbele upande wa abiria lina unyevu, na bati la sakafu chini yake linabonyea kwa kidole gumba. Injini haizunguki hata kwa spana. Breki ni za drum mbele na nyuma, masta silinda ina chumba kimoja tu.

Naomba ushauri: je, maneno ya muuzaji ni kweli? Nikinunua, nianze na bodi au injini? Na spea zinapatikana wapi bila kupigwa?

Namba_Hazidanganyi:
Mkuu, jibu la swali la kwanza unalo tayari mkononi. Soma hiyo namba herufi kwa herufi: 6 ni mwaka 1966. R ni kiwanda cha San Jose, California (F ingekuwa Dearborn, T ingekuwa Metuchen, New Jersey). 07 ni bodi ya paa la chuma. 08 ni ya paa la kukunja, 09 ni ile ya mgongo ulioteremka. Herufi ya tano ndiyo injini, na hapo una T. T ni silinda sita mstari mmoja, inchi 200. V8 ingesoma C kwa kabureta ya midomo miwili, A kwa midomo minne, au K kwa ile ya nguvu farasi 271. Basi gari hili lilitoka kiwandani na silinda sita, hiyo V8 imepandikizwa.

Nati nne zinathibitisha. Ford waliyapa magari ya silinda sita nati nne na ya V8 nati tano. Ingia uvunguni uangalie difu. Ikiwa ina kifuniko cha nyuma kinachofunguliwa kwa bolti, ni ile ndogo ya inchi 7.25. Ikiwa mgongo wake ni laini na bolti ziko upande wa mbele, propela shafti inakoingia, ni ya inchi 8, ya V8.

Kuhusu "namba zinalingana": kwa 1966 Ford waligonga namba ya chesisi kwenye injini za K peke yake. Injini ya kawaida ya mwaka huo haina namba ya kulinganisha. Kinachosomeka ni namba ya kalibu na tarehe ya kumiminwa chuma. Anayekuambia vinginevyo ama hajui ama anajua sana.

Namba uliyoisoma ni ile ya kwenye kibati cha mlango au iliyogongwa kwenye bati la ndani la fenda ya kushoto, ndani ya boneti? Kibati cha mlango kimeshikwa na riveti mbili tu na vipya vinatengenezwa mpaka leo. Amini ile ya kwenye fenda, na hakikisha ndiyo iliyoandikwa kwenye hati ya umiliki. Zikitofautiana, ondoka.

Gereji_ya_Uani:
Ni ya kwenye fenda, na hati inalingana nayo. Difu ina kifuniko cha nyuma chenye bolti. Kwenye bloku, juu ya starta, nimesugua kwa brashi ya waya nikapata D8VE.

Namba_Hazidanganyi:
Basi hata 289 si yenyewe. D ni miaka ya 1970, 8 inakamilisha 1978. Hiyo ni 302, pistoni upana uleule wa inchi 4.00 lakini mwendo wake ni inchi 3.00 badala ya 2.87. Si injini mbaya, na usiitupe. Ila bei ishuke: unanunua bodi ya silinda sita yenye injini ya 1978 iliyoganda, juu ya miguu na breki za gari dogo.

Na atakayekuambia uagize ripoti ya Marti (kampuni inayouza taarifa kutoka kumbukumbu za kiwandani za Ford) ili kujua gari lilivyotoka kiwandani, mwambie kumbukumbu zile zinaanzia magari ya 1967. Ya 1966 hazimo.

Moto_wa_Migi:
Kaka, achana na injini kwanza. Huo unyevu ndio unaoamua kama gari linanunulika.

Mustang za 1965 na 1966 zina kasha la hewa chini ya kioo cha mbele, pale penye matundu membamba nyuma ya boneti. Mvua huingia humo na inatakiwa itokee pembeni. Majani yakijaa, maji hukaa, na mabomba mafupi mawili yanayopitisha hewa ndani ya gari huoza kwenye shina. Maji yanashuka juu ya miguu ya abiria, zulia linayanyonya, sakafu inakwisha kutokea juu. Watu wanabadilisha sakafu bila kuziba juu, miaka mitatu baadaye wanaibadilisha tena.

Jaribu hivi: toa zulia, mtu alale ndani na tochi akiangalia juu chini ya dashibodi. Wewe mwaga maji taratibu kwenye matundu, jagi la lita mbili upande mmoja, halafu upande wa pili. Tone likionekana ndani, kasha limeoza. Kulitengeneza ni kutoa boneti, fenda zote mbili, wipa na kioo, kisha kutoboa nukta za kiwandani za kuchomelea zaidi ya 100 ili bati la juu libanduke. Si kazi ya silikoni. Silikoni unayoikuta humo ni alama ya mtu aliyetaka kuuza.

Baada ya hapo kagua kwa bisibisi, piga, usiguse tu: reli za chesisi zinapopita chini ya sakafu ya mbele, minara ya shokabsoba (tafuta nyufa), kona za buti nyuma ya magurudumu. Fungua buti pia. Kwenye gari hili mgongo wa tangi la petroli ndio sakafu ya buti, kwa hiyo tangi likioza mvuke wa petroli unaingia ndani kwa abiria.

Ukiamua kuchomelea sakafu: usiinyanyue bodi kwa jeki katikati. Weka stendi chini ya difu na chini ya mikono ya mbele ili bodi ibebe uzito kama barabarani, la sivyo ukishachomea milango haifungi. Chukua bati refu linaloanzia mbele hadi chini ya kiti cha nyuma, la geji 18. Yale mepesi yanapinda kwa moto. Waya wa migi wa inchi 0.023, toboa matundu ya milimita 8 pale bati linapolala juu ya reli na uyajaze, kwingine nukta moja hapa, nyingine mbali kule, ngoja ipoe. Ukiburuta moto mstari mzima sakafu itajikunja kama chapati.

Spana_Kumi_na_Tano:
Injini sasa. Kuganda kwa miaka 11 mara nyingi ni ringi zimeshikana na kutu kwenye kuta za silinda, si kifo.

Toa plagi zote nane. Changanya oili ya giaboksi otomatiki na asetoni nusu kwa nusu, mimina vijiko viwili vya mezani kila tundu, acha siku tatu, ongeza, acha tena. Kisha soketi ya 15/16 kwenye bolti ya mbele ya kranki na mpini mrefu. Sukuma kidogo mbele, kidogo nyuma. Ikikataa usiongeze bomba kwenye mpini, ongeza siku. Usijaribu kwa starta, utakata meno ya flaiwili au kupinda fimbo za valvu zilizokwama. Fungua vifuniko vya valvu uone kila valvu ikipanda na kushuka.

Ikishazunguka, mwaga oili na uweke mpya lita 4.7 pamoja na filta. Chagua 10W-30 yenye zinki ya kutosha, maana tapeti za injini hii ni bapa na zinasuguana na kamshafti moja kwa moja. Kisha piga presha ya oili kabla ya moto. Weka alama ya rota na ya shingo ya distributa, itoe, shusha soketi ya robo inchi ifunike fimbo ya pembe sita inayoendesha pampu, zungusha kwa drili KINYUME na saa mpaka oili itokee kwenye roka. Soketi na ekstensheni vifunge kwa tepu, vikitengana soketi imeingia kwenye sampu. Na unapotoa distributa inua polepole: ile fimbo hupenda kunata nayo, kisha inadondoka chini. Ikidondoka ni kushusha sampu, na kwenye Mustang kushusha sampu ni kunyanyua injini.

Usitumie petroli iliyomo. Shusha tangi (galoni 16, hakikisha kwanza ni tupu), badilisha vipande vyote vya mpira kwa vile vinavyohimili ethanoli, na kwa jaribio la kwanza nyonya kutoka dumu safi lililo mbali na moto. Kizima moto kiwe karibu.

Mpangilio wa moto ni 1-5-4-2-6-3-7-8, silinda ya 1 hadi 4 upande wa abiria. Ila 302 za karibuni za nguvu zaidi na 351 zinatumia 1-3-7-2-6-5-4-8, na kama mtu alibadilisha kamshafti, bloku haitakuambia. Ikipiga mapigo kwenye kabureta na haiwaki, fuatilia valvu za silinda ya 5 na ya 3 uone ipi inafuata baada ya 1.

Usiiamini alama ya taiming mpaka uhakikishe. Pulea kubwa ya mbele ina pete ya mpira katikati, ikizeeka duara la nje linateleza na alama inasema uongo. Tafuta kilele cha silinda ya 1 (pale pistoni inapofika juu kabisa) kwa kizuizi cha pistoni, chora alama yako, anza na digrii 6 kabla ya kilele, mpira wa vakyumu ukiwa umechomolewa na kuzibwa.

Distributa iliyomo ni ya pointi au elektroniki?

Gereji_ya_Uani:
Ni elektroniki, mkuu. Na koili inachukua umeme kwenye waya wa zamani wa gari.

Spana_Kumi_na_Tano:
Huo waya ndio mtego. Nyaya za 1966 zina waya wa waridi wa kupunguza umeme kati ya swichi na koili, kwa ajili ya kulinda pointi. Moduli nyingi za elektroniki zinataka volti 12 kamili. Pima injini ikiunguruma: ukiona 7 au 9, pitisha waya mpya kupitia relei. Wengi hununua moduli tatu kabla ya kupima waya mmoja.

Kuhusu petroli isiyo na risasi: kichwa cha 289 ya asili kingehitaji viti vigumu vya valvu ukikifungua, lakini Ford walikuwa wameshakomaza viti hivyo kabla ya 1978. Kama vichwa ni vya injini hiyohiyo, pesa hiyo ibaki mfukoni.

Breki_Kwanza:
Mnazungumza kuwasha, nani atasimamisha? V8 juu ya drum za inchi 9 za silinda sita, na masta silinda ya chumba kimoja: mpira mmoja ukipasuka huna breki hata gurudumu moja.

Tafuta seti nzima ya mbele ya V8 ya 1965 au 1966: spindo, drum za inchi 10, na tairodi zake, kwa sababu koni za tairodi za silinda sita ni nyembamba na haziingii. Nyuma tafuta difu ya inchi 8 ya nati tano. Ile ya Ford Maverick yenye V8 ni fupi kwa takriban robo tatu ya inchi tu, watu wanaitumia. Pima propela shafti kabla ya kufunga. Masta silinda chukua ya 1967 ya vyumba viwili, ya drum kwa drum. Inakaa kwenye bolti zilezile, kazi ni kutenganisha paipu za mbele na za nyuma. Paipu ziwe za chuma za inchi 3/16 zenye mdomo uliokunjwa mara mbili, kamwe si shaba tupu.

Moto_wa_Migi:
Si bora aweke diski mbele kabisa?

Breki_Kwanza:
Anaweza. Lakini masta silinda ya drum ina valvu inayobakiza presha kwenye paipu. Akiiacha upande wa mbele, diski zitasugua mpaka ziwe nyekundu. Na rimu za inchi 14 za zamani si zote zinapita juu ya kalipa. Drum za inchi 10 zilizorekebishwa vizuri zinamtosha mtu wa Jumapili. Akifungua za zamani asipulize vumbi kwa hewa, asbesto humo ni ya kawaida. Alowanishe, afute.

Rafu_ya_Spea:
Spea za Mustang ni rahisi kuliko gari lolote la Marekani la umri huo, tatizo ni ubora. Scott Drake hutengeneza, na National Parts Depot wa Ocala, Florida, na CJ Pony Parts wa Harrisburg, Pennsylvania, wanauza. Vitu vya kusaga kama silinda za breki, pampu ya maji na beringi angalia RockAuto, duka la mtandaoni, bei ni ndogo.

Jifunze namba za Ford. C5ZZ maana yake C ni miaka ya 1960, 5 ni 1965, Z ya kwanza ni Mustang. Gari lako likiwa la 1966, usishangae nusu ya spea kusoma C5. Grili, kifuniko cha tangi na dashibodi ndivyo vinavyotofautiana.

Unapoagiza vya injini, USIANDIKE 1966 289. Pampu ya maji ya 289 ya 1966 inapokea mpira wa chini upande wa abiria. Tangu 1970 mpira umehamia upande wa dereva, na rejeta inafuata. Pulea ya kranki ilikuwa na bolti tatu, ikawa nne. Na uzani: 302 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 zinasawazishwa kwa aunsi 28, za baadaye 50. Ukichanganya pulea na flaiwili za aina mbili, injini itatetemeka mpaka ikate beringi. Soma kilichofungwa, ndipo uagize.

Kroumu, fremu za vioo na bawaba, tafuta za asili. Bampa mpya nyingi ni nyembamba na matundu hayalengi. Hershey, Pennsylvania, kila Oktoba kuna soko kubwa la magari ya zamani. Nenda na kipande chako mkononi, si picha.

Pwani_254:
Ikikamilika unaileta Mombasa tupige picha Mama Ngina? 😂

Rafu_ya_Spea:
Usukani wa kushoto na miaka zaidi ya 8, Kenya hawamruhusu. Aipige picha hukohuko.

Gereji_ya_Uani:
Wakuu, nimemwaga maji kama alivyosema Moto_wa_Migi. Upande wa dereva pakavu. Upande wa abiria yameshuka mstari, si tone. Reli zimegoma bisibisi pande zote mbili, minara haina nyufa. Muuzaji nimemwonyesha herufi T na D8VE, amekaa kimya, kisha ameniuliza nina pesa ngapi.

Moto_wa_Migi:
Reli zikiwa nzima, linanunulika. Mpe bei ya silinda sita isiyotembea, toa gharama ya kasha la hewa na bati moja la sakafu. Na kabla hujalivuta kwa trela, toa majani yote kwenye yale matundu na ulifunike kwa turubai upande ule.