Mbwa anabwekea kila bodaboda, anarukia wageni, na sasa ananguruma akila. Nianzie wapi?

MamaWatatu_Njiro
Wakuu, habari za jioni. Tuna mbwa dume wa miezi 10, chotara wa Kijerumani, tunakaa Njiro, Arusha. Mchana yuko bandani, saa mbili usiku anafunguliwa. Geti letu ni la nondo na barabara ya vumbi iko hatua nne tu kutoka hapo. Pikipiki zinapita tangu alfajiri. Kila moja ikipita kabla hajarudishwa bandani, anakimbia nayo kando ya uzio akibweka mpaka ipotee kwenye kona. Akifunguliwa anamrukia kila mtu kifuani, hata bibi wa watoto. Na linalonitia hofu zaidi: wiki hii ameanza kunguruma mtu akipita karibu na sufuria yake ya chakula. Nina mtoto wa miaka 4. Chanjo ya kichaa amepata, kadi ipo. Tumemfokea, tumempiga kandambili, wapi. Hatutaki kumtoa, na ulinzi tunauhitaji. Nianze na lipi? Nawasilisha.

FundiMbwa_Moshi
Dada, anza na hilo la chakula, tena leo. Na kandambili iwekwe chini kabisa.

Mbwa anaponguruma anakuambia ana wasiwasi, usisogee. Ukimpiga kwa sababu hiyo, wasiwasi unabaki palepale, kinachokufa ni onyo. Siku nyingine atang'ata bila kutoa sauti na watu watasema amegeuka ghafla. Hajageuka ghafla, alifundishwa kunyamaza.

Kwa sasa ale peke yake, mlango wa banda umefungwa, mtoto yuko ndani ya nyumba. Sufuria iondolewe mbwa akishatoka na kufungiwa upande mwingine. Mazoezi ninayoandika hapa ni ya mtu mzima tu, mtoto asishirikishwe hata akiomba.

Nunua maini robo kilo, chemsha bila chumvi wala kitunguu (kitunguu ni sumu kwa mbwa, kwa hiyo hata mabaki ya mchuzi wa nyumbani yasimfikie). Yakipoa kata vipande vya ukubwa wa punje ya harage. Mbwa akiwa anakula ugali wake wa kawaida, pita umbali wa mita 3, rusha kipande kimoja kianguke karibu na sufuria, halafu endelea na safari yako. Usisimame, usimkodolee macho, usimsemeshe. Mara 5 au 6 kwa mlo mmoja zinatosha.

Unachosubiri ni kichwa kuinuka akikuona unakuja, mwili umelegea, mkia unayumba. Hapo ameanza kuelewa kwamba mtu anayekaribia huleta, hachukui. Ukiliona hilo siku 3 mfululizo, sogea nusu mita. Akiganda mdomo ukiwa ndani ya sufuria, akianza kumeza harakaharaka, au ukiona weupe wa jicho pembeni huku kichwa hakigeuki, umekaribia mno. Rudi ulipokuwa juzi.

Wengi huharibu hapohapo. Wakipata siku mbili nzuri wanaruka hadi kutia mkono sufuriani. Mkono sufuriani hauhitajiki hata siku moja. Na ile tabia ya kumnyang'anya chakula ili ajue nani mkubwa inamthibitishia tu kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Kila mtu mzima wa nyumbani afanye zoezi hili kivyake, kuanzia mita 3. Mbwa akimzoea baba haina maana amemzoea dada wa kazi.

Kibo_na_Mawenzi
Naongezea la geti, maana hapo ndipo jasho lilipo.

Angalia jambo zima kwa macho ya mbwa. Pikipiki inakuja, anabweka, pikipiki inaondoka. Kwake yeye ni kubweka ndiko kulikoifukuza, na analipwa hivyo kila pikipiki inapopita. Mkimfokea kutoka sebuleni anasikia wenzake nao wanabweka, basi anaongeza. Ndiyo maana makelele yenu hayajasaidia.

Kwanza zibeni mshahara. Funikeni nondo za geti kwa bati au neti ya kivuli, kuanzia chini hadi kimo cha mita 1.5, bila kuacha upenyo pale chini anapochungulia. Na njia aliyoichimba kwa kukimbia kando ya uzio ikatizeni, hata kwa matofali na vyungu vya maua. Akikosa uwanja wa kukimbiza, nusu ya raha imeondoka.

Pili, mfundisheni neno moja. Mimi napendekeza "Asante", kwa sababu ni gumu kulitamka kwa hasira. Siku 3 za mwanzo lifanyieni kazi mbali na geti, nyuma ya nyumba, pakiwa kimya: sema "Asante" mara moja, na ndani ya sekunde moja kipande cha nyama kiwe chini miguuni pako. Mara 15 asubuhi, 15 jioni. Likishika, atageuka kabla hujamaliza kulitamka. Ndipo msogee kuelekea getini, hatua chache kila siku.

Tatu, mtafuteni bodaboda mnayemfahamu awape nusu saa. Apite polepole, mbwa akiwa kwenye kamba ya mita 2 ndani ya ua, geti wazi, ninyi mmesimama mbali kiasi kwamba mbwa anaiona pikipiki lakini bado anaweza kula. Hicho ndicho kipimo. Akikataa nyama anayoipenda, mko karibu mno, rudini nyuma hatua 5. Mwangalie kabla hajabweka: mdomo unafungwa, masikio yanakwenda mbele, uzito unahamia miguu ya mbele, mkia unasimama kama kijiti. Neno "Asante" liingie wakati huo. Likisubiri mpaka abweke mara ya kumi halina kazi, masikio yameshazibwa na hasira.

Mkono mtupu haulambwi, kwa hiyo wiki mbili za mwanzo lipeni kila mara. Msishangae kelele zikizidi siku chache baada ya kuziba geti. Kitu kilichokuwa kinalipa kikiacha kulipa, mbwa hujaribu kwa nguvu zaidi kabla ya kukiacha. Mtu akikata tamaa siku hiyo na kufungua geti aone, mbwa amejifunza kwamba kelele ndefu ndizo zinazolipa, na mtaanza upya mkiwa nyuma zaidi ya mlipoanzia.

Kurukia watu ni rahisi. Akiruka, geuka mgongo, kunja mikono, nyamaza. Miguu minne ikigusa ardhi, msifie na mpe kipande palepale chini, usawa wa magoti. Kumsukuma kwa mikono ni mchezo kwake. Bibi asijaribiwe: akija, mbwa afungwe kamba kwanza.

MamaWatatu_Njiro
Asanteni sana wakuu. Bati tunaweka Jumamosi. Swali: mume wangu anasema tukimzoesha kunyamaza, wezi watatucheka. Anataka hata tumfunge mnyororo mchana kutwa awe mkali zaidi.

FundiMbwa_Moshi
Shemeji anisikilize kidogo. Hatumfundishi kunyamaza, tunamfundisha kuacha na kuja kwenu mkimwita. Mbwa anayebweka kutwa hamlindi mtu, kwa sababu nyumba nzima imeshaacha kuamka. Mwizi anapita kwenye kelele zilezile za saa zote. Anayebweka mara chache ndiye mnayemwamkia.

Mnyororo unaleta ukali kweli, lakini ukali wa mnyama asiye na pa kukimbilia, na haumchagui mwizi. Wa kwanza kufika ndani ya urefu wa mnyororo kwa kawaida ni mtoto wa nyumbani anayefuata mpira.

Hilo la bandani mchana kutwa pia liangalieni. Dume la miezi 10 likifungiwa kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi, halafu likafunguliwa ghafla, litaruka, litauma viatu na kukimbia ovyo. Mtoeni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya jua kali na pikipiki nyingi, dakika 25 kwa kamba, na aachwe anuse anavyotaka. Kunusa nako kunamchosha. Sehemu ya chakula chake cha mchana isiwekwe kwenye sufuria, imwagwe kwenye nyasi aitafute kwa pua. Magunzi ya mahindi msimpe achezee, huwa yanaziba utumbo. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inapasuka vipande vyenye ncha.

Mifugo_Sakina
Kabla ya kuendelea na mazoezi, aonwe na daktari wa mifugo. Kunguruma kulikoanza wiki hii tu kunaweza kuwa maumivu: sikio lililooza ndani, jino, nyonga. Mwinueni sikio mnuse. Likitoa harufu kali, au akitikisa kichwa mara kwa mara, hapo hakuna zoezi litakalosaidia kabla ya dawa. Tazameni kupe katikati ya vidole na ndani ya masikio, na fizi zake: zikipauka na hamu ya kula ikashuka, msisubiri wiki iishe.

Kadi ya kichaa isomwe tarehe. Chanjo ya kwanza hutolewa mbwa akifika miezi 3, kisha inarudiwa kadiri daktari alivyoandika, na wengi husahau hiyo ya kurudia. Akimng'ata mtu, hata kidogo, hata kama amechanjwa: osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo. Msipake pilipili, majivu wala mafuta.

Mtaambiwa mumhasi ili atulie. Kuhasi hupunguza kuzurura na kukojoa kila kona. Kubwekea pikipiki na kulinda sufuria hakukuondoi.

MamaWatatu_Njiro
Nimemwinua sikio la kushoto sasa hivi, harufu ipo, na amevuta kichwa. Kesho asubuhi kwa daktari. Swali la mwisho: hayo maini tutanunua mpaka lini?

Kibo_na_Mawenzi
Vizuri umeangalia. Mpaka sikio lipone, mazoezi ya sufuria yasimame, abaki kula peke yake tu.

Maini ni ya wiki za mwanzo, na yasizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku. Mengi kila siku humzidishia vitamini A, kwa hiyo badilisheni na firigisi au mapafu ya kuchemsha. "Asante" ikishashika getini, wiki ya tatu mlipeni mara tatu kati ya nne, baadaye moja kati ya mbili, bila mpangilio anaoweza kuukariri. Sifa ya mdomo iendelee kila mara. Ila siku pikipiki ya makelele kuliko zote ikipita na yeye akageuka kuja kwenu mwenyewe, siku hiyo mpeni vipande vitano, kimoja kimoja.