Nifufue baiskeli ya zamani, ninunue mtumba ya gia au nilipie gym? Nataka kurudi kuendesha

Kibatari2
Habari za jioni wakuu. Zamani nilikuwa naendesha baiskeli karibu kila asubuhi, nikaja kuacha. Sasa hivi mwili umekuwa mzito, ngazi za ofisini tu nahema mpaka wenzangu wananicheka. Nataka kurudi ila mzuka ndo hauji, kila nikipita koridoni naiona ipo pale ina pancha, vumbi kibao, naghairi naenda zangu kulala. Nawaza vitu vitatu. Moja niifufue hiihii. Mbili niiuze nichukue mtumba kali ya gia, labda hela ikishatoka mfukoni nitaona uchungu kuiacha imekaa. Tatu nilipie gym nipige zile baiskeli za kukanyagia ndani. Hela nimeshaitenga na mwisho wa mwezi lazima niwe nimeamua, la sivyo italiwa na mambo mengine. Ipi nafuu?

Mpiga Kengele
Upo mkoa gani? Baiskeli gani? Hela kiasi gani? Urefu wako? Na uliacha kwa nini? Humu hatupigi ramli mkuu.

Fundi Spoku
Kama ni Phoenix, ile ya chuma isiyo na gia, usiuze, nimemaliza. Chuma kile mjukuu wako atakipanda. Hizi za gia zinazoshushwa siku hizi zina mbwembwe nyingi, gia zikikataa unazunguka mji mzima kutafuta spea.
Hiyo ya koridoni hata kama sio Phoenix, pancha sio ishu. Iliyokaa muda mrefu tyubu inachoka pale kwenye mdomo wa upepo, na tairi inapasuka vimistari pembeni, hivyo viwili badilisha vyote usibandike viraka. Cheni ilaze kwenye mafuta ya taa usiku mzima, isugue kwa mswaki wa zamani, ifute ikauke ndo uweke oili. Alafu ikiwa imefungwa jaribu kuivuta mbele, pale kwenye sproketi kubwa ya pedeli. Ikinyanyuka ukaona mwanga kati yake na meno, hiyo imekwisha, nunua nyingine. Waya za breki badilisha hata kama zinaonekana nzima. Kazi ya nusu siku kwa fundi anayejielewa.

Kibatari2
Nipo Dar, Kimara Mwisho. Ni mountain bike ya kawaida, gia nadhani zinafanya kazi. Bajeti laki tatu na nusu, nikijikamua laki nne. Kazini ni Posta, katikati ya mji.

Mpiga Kengele
Urefu? Na uliacha kwa nini? Mbona unaruka maswali.

Jirani wa Korogwe
Korogwe ya hapa Kimara lakini sio ya Tanga, msije mkanichanganya. Mkuu kama upo Kimara Mwisho una bahati, una njia ya baiskeli pembeni ya barabara ya mabasi ya mwendokasi tangu 2016 mpaka mjini. Asubuhi unateremka tu mpaka Ubungo hata hutoki jasho sana. Shughuli ni jioni, umechoka na kazi alafu unaikuta ile milima ya kurudi. Ndo maana namshangaa anayesema Phoenix. Phoenix pandisha nayo wewe kutoka Ubungo saa kumi na mbili jioni ndo uje utuambie habari za wajukuu.

Fundi Spoku
Watu wa Tabora na Shinyanga wanabeba magunia ya mkaa na Phoenix, wewe na begi la laptop unalia mlima.

Jirani wa Korogwe
Na wakifika mlimani wanashuka wanasukuma. Tusidanganyane.

Chumvi Mawe
Njia ya baiskeli unayoisema ni ya bodaboda mkuu. Bodaboda, mama ntilie, gari limepaki, wauza viatu wametandaza turubai. Bora hata uendeshe usiku wa manane. Ukipiga kengele jamaa anakuangalia kama wewe ndo umeingia dukani kwake. Na mvua zikikolea Jangwani inajaa maji, njia yenyewe huioni.

Jirani wa Korogwe
Ndo maana nasema alfajiri. Saa kumi na moja na nusu hizo bodaboda zenyewe chache, jua bado, unafika Magomeni hujakutana na turubai hata moja.

Mwana Ilala Original
Naomba niongelee namba mbili maana nina kidonda nacho. Nilienda kwa jamaa mmoja wa mitumba, jina sitaji, nikakuta roadbike (baiskeli ya mbio) nyeupe kaiosha inang'aa, akaniambia imetoka Ujerumani juzi tu, hata tairi zake ni za hukohuko. Nikaipanda pale mtaani nyepesi balaa, nikalipa, nikarudi nayo home naendesha huku nachekelea peke yangu. Chini ya fremu, lile bomba linaloshuka kutoka kwenye usukani, palikuwa na stika kubwa ya bendera. Sikuitilia maanani maana mitumba kibao ina stika. Sasa kuna siku natoka Buguruni nikaruka tuta la kawaida tu, nikasikia kaa, usukani unaenda huku mimi naenda huku, nikalalia kiwiko mpaka kesho kina alama. Kuja kubandua stika, chini yake kuna ufa wa siku nyingi umejazwa gundi ukapakwa rangi. Nikaipeleka kwa mchomeleaji wa mageti akasema simple, akaipiga vijiti vyake vya chuma, ikatoboka kabisa, kumbe ile ni alumini haishikani na vile vijiti. Nikamrudia muuzaji ananiambia "bosi si uliijaribu mwenyewe?" Mpaka leo fremu ipo kwa mama yangu anafungia kuku mlango.
Kwa hiyo mkuu ukienda kwenye mtumba bandua stika zote mbele yake. Akikataa ondoka. Pitisha kucha kwenye maungio yote, rangi ikiwa imenenepa sehemu moja uliza kuna nini. Na beba kisumaku, kikinata ni chuma, fundi yeyote anaichomea. Kisiponata mara nyingi ni alumini, ikikatika ndo imetoka hiyo.

Fundi Spoku
Kuna mafundi wanachomelea alumini na mashine ya gesi ila ni wachache, na ikishachomwa pale haiwi na nguvu ileile. Kwenye fremu mimi sishauri.

Bi Pedeli
Mnaongelea vyuma, kaka wa watu tatizo lake ni mzuka. Mimi gym nililipia. Ile baiskeli ya ndani unakanyaga umeangalia ukuta, muziki wanapiga wanaoupenda wao, foleni ikiisha barabarani unajiambia leo nipitilize nyumbani. Sikatai inafaa mtu anayeogopa magari, na kwa sisi wanawake inatuepusha na yale maneno ya vijiweni, maana ukipita na baiskeli asubuhi kila mtu anajifanya kocha wako. Ila kilichonirudisha mimi barabarani ni wadada wawili tunakutana kituoni Jumamosi, ukichelewa wanakupigia simu mpaka aibu. Pia baiskeli nailaza ikiwa imejaa upepo, nguo na chupa ya maji mezani. Ukianza kutafuta pampu alfajiri ushalala tena.
Lakini kaka Kibatari, swali la kwa nini uliacha umelikimbia mara mbili.

Kibatari2
Dah sawa. Magoti. Yalianza kuuma mbele pale kwenye kifuniko cha goti, hasa nikipandisha mlima. Nikapumzika kidogo, ikawa jumla. Urefu futi sita na kitu.

Mpiga Kengele
Si ungesema tangu asubuhi! Sasa gym, Phoenix na mtumba vyote vya nini kama goti litauma kulekule. Futi sita alafu mountain bike za kawaida hapa mjini nyingi fremu zake ndogo. Kiti chako kipo juu kiasi gani? Kaa juu yake mtu akushikilie, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unatakiwa unyooke. Ukiwa umekunja hapo kiti kipo chini sana, na goti kuuma kwa mbele mara nyingi linaanzia hapo. Na uache kukanyaga gia nzito kwenye mlima, weka nyepesi miguu izunguke haraka. Likiendelea kuuma muone daktari, sio sisi.

Ntama wa Kigali
Kuhusu mzuka, huku kwetu Kigali Septemba 2025 yalikuja mashindano ya dunia ya baiskeli, mara ya kwanza Afrika. Tulikaa kwenye kile kilima cha mawe cha Kimihurura tunawaona wanapita mita moja na sisi, Pogačar wa Slovenia akachukua. Mtaani kwangu kila mtu akawa anataka baiskeli. Miezi michache baadaye nikaona nyingine zinauzwa, nzima kabisa. Mzuka wa kuona kwa macho haukai. Wanaoendelea ni wale wanaoenda nayo mahali, kazini au sokoni.

Chumvi Mawe
Pogačar yupo vizuri ila mimi nipo na Girmay wa Eritrea, jezi ya kijani ya pointi Tour de France 2024, etapu tatu (mbio za siku mojamoja), Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda kule.

Mwana Ilala Original
Froome je? Kazaliwa Nairobi, kafundishwa na Kinjah, mwendesha baiskeli wa Kenya, kule Kikuyu, kachukua Tour mara nne.

Chumvi Mawe
Nimesema mweusi mkuu soma vizuri. Na Froome alishinda na bendera ya Uingereza.

Jirani wa Korogwe
Girmay si ndo yule kizibo cha chupa ya mvinyo wa kushangilia kilimpiga jichoni kwenye Giro, mbio za Italia, 2022 siku aliyoshinda? Barabara yote salama, jukwaani ndo akaumia 😂

Kibatari2
Wakuu nimetoka kupima sasa hivi kwa kisigino. Mguu umekunjika vibaya mno. Nataka kupandisha kiti ila bomba lake limeganda kwenye fremu, nimezungusha mpaka mikono imechubuka halitoki. Na bado sijajua kama nihangaike na hii au nichukue kubwa zaidi.

Fundi Spoku
Mimina mafuta ya taa kwenye maungio, iache mpaka kesho, uipige taratibu kwa nyundo ya mbao huku unazungusha kiti. Usipige chuma kwa chuma. Jumamosi nipo Tandika, ilete tuione.

Mpiga Kengele
Kutoka Kimara mpaka Tandika na baiskeli ya pancha? Tafuta fundi wa hapohapo. Na kwa futi sita mimi bado nasema fremu kubwa, hata kama ni mtumba, bandua stika tu.

Bi Pedeli
Aanze na kiti kwanza jamani, hela ataila tu.

Mama Wawili
Samahani kuchomekea, mtoto wa miaka sita anafaa saizi ngapi? Duka wananiambia inchi 20 atakua nayo.

Mpiga Kengele
Miguu inagusa chini akikaa? Fungua uzi wako dada, weka na urefu wake.